Sanamu Isiyohitaji Uzio: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kaunti na Jiji la Kisumu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu, mawaziri wa kaunti wanaosimamia utamaduni na ujenzi, Bodi na Meneja wa Jiji, pamoja na waheshimiwa wawakilishi wadi,

Tunawasalimu kwa heshima.

Sisi ni wafinyanzi, wachomaji wa tanuri na mafundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kisumu na kaunti jirani. Ombi letu ni kwamba mtakapotenga fedha za sanamu nyingine jijini, iwe ya udongo uliochomwa, iwe ya kushikwa, kugongwa, kukaliwa na kuzungushwa na kila apitaye, na zabuni yake iandikwe na watu wanaojua tabia za udongo. Hilo la zabuni ndilo linalobeba mengine yote. Zabuni ya sanamu ya saruji haiwezi kugeuzwa ya udongo kwa kubadilisha neno moja. Kazi itakayotokana nayo itapasuka, na lawama itaangukia udongo ambao haukukosa lolote.

Kwa nini udongo? Kwa sababu huku mikono ya kuufanya ipo tayari. Ukipanda barabara ya Kakamega utaikuta Ilesi, ambako vyungu hupangwa kando ya lami. Katika nyumba nyingi za Nyanza kuna mtu anayejua agulu, yaani chungu cha Kijaluo, inavyojengwa kwa pindi la udongo juu ya pindi, bila gurudumu. Na majiko ya udongo yanayochomwa kwa wingi magharibi mwa Kenya yametufundisha kutengeneza kitu kinachopashwa moto na kupoa kila siku bila kuvunjika. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950 ambaye vyombo vyake viko katika makumbusho makubwa duniani, alijifunza sehemu ya kazi yake Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, mahali pa Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye sura yake imo kwenye noti ya naira 20. Ufinyanzi wa mkono wa Kiafrika hauna haja ya kuombewa nafasi. Unahitaji tu kuandikiwa kazi ya kiasi chake.

Tena, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti shughuli za utamaduni, bustani na fukwe. Hatuombi jambo lililo nje ya uwezo wenu.

Sanamu ya kushikwa si wazo geni duniani. Benchi refu la Park Güell kule Barcelona, lililofunikwa vigae vilivyovunjwa, linakaliwa na watu tangu mwanzo wa karne iliyopita. Lakini upo mfano mwingine ambao kila mhandisi wenu anafaa kuujua. Mwaka 2010, msanii Ai Weiwei alimwaga mbegu milioni 100 za kauri kwenye sakafu ya jumba la Tate Modern, London, na watu wakaalikwa kutembea juu yake. Baada ya siku chache tu wakazuiwa, kwa kuwa kauri ikisagana na kauri hutoa vumbi, na vumbi hilo lina silika inayodhuru mapafu. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni kwamba mahali popote penye kusogea, kauri isiguse kauri.

Tukisema sanamu ya kuzungushwa, basi, tunamaanisha hivi. Pete za udongo, kila moja kilo 6 hadi 8, zinavikwa kwenye mhimili wa chuma kisichoshika kutu wenye kipenyo cha milimita 25. Kati ya pete na mhimili huingia bushi, yaani mrija mfupi wa plastiki ngumu, ile ambayo mafundi hukata kwa mashine ya kuchonga. Beringi za gololi tunazikataa. Vumbi na mvua ya Kisumu vitazikwamisha, na pete iliyokwama mtoto huivuta kwa nguvu mpaka ivunjike. Kati ya pete na pete paachwe nafasi isiyozidi milimita 8. Vipimo vya usalama vya viwanja vya watoto vinavyotumika Ulaya huhofia matundu ya milimita 8 hadi 25, kwa maana kidole huingia na kunasa, na matundu ya milimita 89 hadi 230, ambamo mwili hupenya kichwa kikabaki. Tunaomba vipimo hivi viandikwe kwenye zabuni neno kwa neno. Mchoro mzuri usiovifuata urudishwe.

Sanamu tunayoipenda zaidi, na ambayo tungependa kuiona kwanza, ni kundi la mitungi saba ya sauti. Mtungi wenye ujazo wa lita 20, shingo yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 5, ukipigwa kiganja mdomoni hutoa sauti nzito ya mitetemo karibu 100 kwa sekunde. Punguza ujazo hadi lita 5 bila kugusa shingo, na sauti hupanda hadi mitetemo 200, okteva nzima. Kati ya hiyo miwili mnaweza kupanga ngazi ya sauti tano ambayo watoto wataipiga bila kufundishwa. Hapa mchoraji asiyejua udongo hukosea. Udongo unaosinyaa kwa asilimia 10 kwa urefu husinyaa kwa asilimia 27 kwa ujazo. Anayetaka lita 20 baada ya moto lazima ajenge mtungi wa lita 27 na kidogo. Asipofanya hesabu hiyo, kila mtungi utalia juu ya noti yake, na ukishachomwa haurekebishiki.

Mitungi hiyo haifai kuwekwa Kondele wala karibu na stendi ya mabasi, ambako honi zitaimeza. Jomo Kenyatta Sports Ground ingefaa, au bustani yoyote iliyo mbali kidogo na barabara kubwa. Sehemu zenye kelele zipewe viti na maumbo ya kupapasa. Kandokando ya ziwa tunapapenda kama kila mtu, lakini msisahau mwaka 2020 maji yalivyopanda yakafunika fukwe. Msingi usimwagwe chini ya alama ya maji yale.

Sasa udongo wenyewe. Udongo mwingi wa huku ni mwekundu, wenye madini ya chuma, na ukipelekwa juu mno hulegea na kutoa malengelenge kama uji unaochemka. Vyungu vya kuchomwa uwanjani kwa nyasi na kuni hufika nyuzi 700 au 800 hivi. Vinafaa sana kupoza maji, kwa kuwa vinavuja unyevu, na kwa sababu hiyo hiyo havifai kukaliwa na watu mia kwa siku. Sanamu ya umma ichomwe nyuzi 1,100 hadi 1,150, kwa mchanganyiko wa udongo mwekundu, kaolini au udongo mweupe unaostahimili moto, na vigae vilivyotwangwa asilimia 25 hivi. Vigae hivyo, chembe za kati ya nusu milimita na milimita mbili, ndivyo vinavyofungua njia ya mvuke kutoka ndani ya ukuta mnene na kupunguza kusinyaa. Anayeviacha ili udongo uwe laini mkononi atalipa kwa nyufa.

Kabla ya kujenga chochote, mkandarasi alete vipande vya majaribio. Kila kipande kichorwe mstari wa sentimita 10 kikiwa kibichi, kisha kipimwe baada ya moto, na kusinyaa kujulikane. Baadhi vilazwe juu ya nguzo mbili ndani ya tanuri ili ionekane ni joto gani linalovipinda. Vingine vipimwe kunywa maji: kipande kipimwe uzani kikiwa kikavu kabisa, kichemshwe saa tano, kiachwe majini saa 24, kifutwe, kipimwe tena. Kikitoka gramu 500 kikawa 525, kimekunywa asilimia 5. Vitabu vya nchi za baridi hudai chini ya hapo, kwa sababu kule maji huganda ndani ya kauri na kuipasua. Kisumu iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na barafu si adui wetu. Sisi tunaona hata asilimia 8 inakubalika hapa, mradi sanamu isikalie maji. Msimnyime fundi wa Ilesi kazi kwa kigezo kilichoandikwa kwa ajili ya theluji.

Adui zetu ni wengine, na wa kwanza ni chokaa. Udongo uliochimbwa karibu na mawe ya chokaa, kama upande wa Koru, unaweza kuwa na punje nyeupe ndani yake. Zikichomwa hugeuka chokaa kali. Kisha hunywa unyevu wa hewa polepole, huvimba, na kurusha vipande vya uso wa sanamu wiki kadhaa baada ya kuzinduliwa. Kinga yake ni kulowesha udongo uwe uji, kuupitisha kwenye chujio la milimita moja au chini, na kuacha vipande vya majaribio nje kwa wiki sita kabla ya kuukubali. Kazi hii haiepukiki, na mtu akiwaambia ataimaliza kwa siku mbili, msimwamini.

Adui wa pili ni nondo. Fundi wa saruji, kwa nia njema kabisa, atataka kujaza mtungi zege na nondo ili usianguke. Nondo ikishika kutu huvimba, na kauri haivumilii kuvimbishwa kutoka ndani. Hata bila kutu, vyuma na udongo havitanuki sawa. Katika tofauti ya joto ya nyuzi 30, ambayo jua la saa nane na mvua ya saa kumi huileta kwa mchana mmoja, mita moja ya chuma kisichoshika kutu hutanuka karibu nusu milimita, na mita moja ya kauri chini ya milimita 0.2. Tofauti hiyo ndogo hurudiwa kila siku kwa miaka. Kwa hiyo chuma kisimame peke yake katikati, kauri ikikalia pete za mpira juu ya vibao vilivyochomelewa kwenye mhimili, na kati yake paachwe nafasi ya milimita 10 isiyojazwa kitu kigumu. Viungo vya nje vizibwe kwa silikoni ya ujenzi au chokaa laini yenye mchanga, kamwe si saruji tupu. Na kwa kuwa ukanda wetu una radi nyingi, mhimili uunganishwe na waya wa kuzamisha umeme ardhini.

Adui wa tatu hutokea chini ya miguu. Sehemu kubwa ya uwanda wa Kano na mitaa ya chini ya jiji imelala juu ya udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nyufa za kuingiza mkono. Msingi wa kawaida utainuliwa na kushushwa kila mwaka. Udongo huo uchimbwe mita moja hadi moja na nusu, au mpaka ardhi ngumu, urudishiwe mawe ya hadikoo na murram iliyoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15, kisha zege ya sentimita 20 yenye wavu wa vyuma uitwao BRC, ikimwagiliwa maji na kuachwa siku 28. Uso wake uinamie nje ili maji yakimbie.

Na mbu. Chombo chochote chenye tumbo na mdomo kikiwekwa mvuani ni nyumba ya mbu, na katika mkoa huu wa malaria hatuwezi kuwaletea watu sanamu ya kuwatia maradhini. Kila mtungi uwe na tundu la kutoa maji, milimita 15 hivi, mahali pa chini kabisa vidole visipofika, pamoja na mfereji chini yake. Tundu lililo sentimita mbili juu ya sakafu ya mtungi ni kazi bure. Chupa za soda nazo zitatumbukizwa, tuwe wakweli. Vipau viwili vya chuma vilivyopishana ndani ya shingo ya sentimita 10 huzuia chupa ya nusu lita bila kuua sauti, na kimlango kidogo cha nyuma, kilichofungwa kwa bolti, humwezesha mfanyakazi wa jiji kutoa kilichopenya.

Mtungi mkubwa wa kupapaswa, tofauti na ile ya sauti, wenye kimo cha sentimita 120 na upana wa 80, hujengwa ukiwa sentimita 133, ukuta wa sentimita mbili na nusu kila mahali. Unene usio sawa ndio chanzo cha nyufa nyingi kuliko sababu nyingine yoyote, kwa sababu mahali pembamba hukauka na kusinyaa wakati mahali panene bado pabichi. Mtungi mmoja wa namna hiyo unakula udongo mbichi wa zaidi ya kilo 100, kwa hiyo ukatwe vipande vitatu ungali mbichi lakini umeanza kukakamaa, ili watu wawili waweze kubeba kila kipande. Vipande vikauke wiki sita chini ya nailoni inayofunuliwa kidogo kidogo. Tanuri lipashwe usiku kucha chini ya nyuzi 100, maji yatoke kabla ya kuchemka ndani ya ukuta, kisha joto lipande nyuzi 30 kwa saa mpaka lipite 600. Karibu na nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika umbo ghafla, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Kwa hiyo hakuna kufungua tanuri mapema kwa sababu mheshimiwa fulani anataka kuona. Lifunguliwe likiwa chini ya nyuzi 100. Tanuri la umeme linavutia, lakini stima ikipotea katikati ya moto, kazi ya miezi miwili imekwenda. Gesi au kuni za mkaratusi zina uhakika zaidi.

Gilezi, yaani utando wa kioo unaoyeyukia juu ya udongo, isiwe na risasi hata chembe. Watoto watailamba. Majivu ya maganda ya mchele, ambayo Ahero hayakosekani, yana silika nyingi na yanaweza kuingia kwenye gilezi pamoja na madini ya feldispa. Sehemu za juu, ambako watu wa mabango watabandika picha msimu wa kampeni, zipakwe gilezi inayong'aa, kwa sababu gundi hutoka kwa maji ya moto na sabuni. Viti viwe na uso mkavu usioteleza, na visiwe vyeusi, kwa kuwa jua la adhuhuri litavifanya visikalike.

Tunaomba kwa namna ya pekee msiwasahau wasioona. Kati ya sanaa zote za jiji, hii ndiyo yao kabisa, na Kibos kuna shule yao. Majina na maelezo yaandikwe pia kwa breli juu ya udongo wenyewe. Nafasi ya nukta na nukta katika breli ni milimita 2.5, hivyo fundi azipange kwa nafasi ya milimita 2.8 ili moto uzirudishe mahali pake, na asizipake gilezi, maana hujaza mabonde na kuzifuta. Kuzunguka sanamu paachwe mita moja na nusu tambarare ili kiti cha magurudumu kigeuke, na sehemu za kugusa ziwe kati ya sentimita 40 na 120 kutoka chini.

Kuhusu kalenda, na hapa ndipo tunapowasihi zaidi. Kazi hii huchukua wiki 24 hadi 26. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Kandarasi ikitolewa Machi kwa haraka ya kumaliza fedha kabla ya tarehe 30 Juni, udongo utakauka katikati ya mvua ndefu, yaani hautakauka, na fundi atalazimika kuusukuma kwenye moto ukiwa na maji. Utalipuka ndani ya tanuri. Tangazeni zabuni Julai, kandarasi itolewe kabla ya Septemba kuisha, majaribio yafanywe Oktoba na Novemba, ujenzi uishe Disemba, ukaushaji uwe Disemba na Januari, moto Februari, na sanamu isimame kabla ya katikati ya Machi. Mvua ndefu ndizo ziwe mkaguzi wenu wa kwanza. Sehemu ya malipo inayozuiliwa kama dhamana itolewe baada ya mvua hizo, ukaguzi ukiwa umefanywa kwa macho na kwa kugonga: kauri nzima hulia kama kengele, na yenye ufa hutoa sauti ya debe bovu.

Malipo ya mwanzo nayo yawepo. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na mara nyingi inakuwa hivyo kwa sababu anatakiwa anunue kaolini, gesi na chuma kwa mfuko wake, kisha asubiri. Sheria ya ununuzi wa umma tayari inatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wengi wa wafinyanzi wetu ni akina mama. Igaweni kazi ili kikundi cha akina mama kiweze kuomba sehemu ya udongo pekee, na kampuni ya ujenzi ipewe msingi na vyuma. Kikundi hicho kikilazimishwa kuomba kazi nzima, kitaishia kuwa kibarua wa mtu mwingine katika ufundi wake chenyewe.

Vipuri vichomwe pamoja na kazi yenyewe, kimoja kwa kila vitano, kwa sababu rangi ya gilezi ya moto wa leo hailingani na ya mwakani. Vitunzwe kwenye stoo ya kaunti vikiwa na namba. Katika bajeti ya kila mwaka pawe na mstari, hata mdogo, wa kuosha kwa brashi laini na sabuni isiyo kali. Asidi za kusafishia vyoo hula viungo vya chokaa, na brashi ya waya huacha mikwaruzo ya chuma inayoshika kutu na kutia madoa. Kila miezi mitatu mtu agonge kila kipande, achungulie matundu ya maji, akaze bolti. Kipande kikivunjika kifunikwe siku hiyo hiyo, kwa maana ukingo wake hukata kama chupa.

Tuko tayari kuleta mezani kwenu vipande vya majaribio vya nyuzi 1,050, 1,100 na 1,150, vilivyochomwa kwa udongo wa huku, siku yoyote ya kazi mtakayotutajia. Tunaomba mhandisi wa jiji awepo na mizani, ndoo ya maji na nyundo, avipime na kuvivunja mwenyewe, kisha tuketi pamoja tuandike vipimo vya zabuni.

Wenu kwa heshima,

Wafinyanzi, wachomaji wa tanuri na mafundi wa vyuma,
Kisumu